KUPUMUA KWA WATOTO WETU

Maneno ya wanachama wa kazi za afya, yaliyosomwa katika mkutano wa tawi, Kegonga. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.



Mmezoea kutusikia tukisema habari za mishahara na makato, na wengine mmekuja leo mkidhani tutasema hayo hayo. Leo twataka kusema habari za mapafu ya watoto. Lakini msiondoke. Kabla hatujaketi mtaona ya kuwa jambo la mapafu na jambo la saa za kazi yamefungwa kwa kamba moja.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Kila mwaka watoto zaidi ya 700,000 ambao hawajatimiza miaka mitano hufa duniani kwa homa ya mapafu, ile iitwayo nimonia, ambayo wazee wengine huiita kichomi. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaoua watoto wadogo wengi kama huu. Wala hawafi sawasawa kila mahali. Wengi wao hufa katika Afrika yetu, kusini ya jangwa la Sahara, na katika Asia ya Kusini. Mtoto wa London naye hupata homa ya mapafu. Hulala hospitali siku chache, kisha hurudi nyumbani kucheza. Mapafu yake hayana tofauti na ya mtoto wa Ntimaru. Tofauti ni muda unaopita kabla hajaonwa, na vitu vinavyomngoja akifika.

Homa ya mapafu ni nini? Ndani ya pafu mna vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, na humo ndimo hewa tunayovuta hukutana na damu. Ugonjwa ukiingia, vifuko hivyo hujaa maji na usaha, na hewa hukosa nafasi. Mwili wa mtoto wataka hewa ile ile uliyoitaka jana, basi mtoto huanza kupumua upesi upesi, apate kwa wingi wa pumzi kile asichokipata kwa ukubwa wake. Ndiyo maana hatuwaambii mtazame kikohozi, kwa kuwa kila mtoto wa msimu wa mvua anakohoa. Wala joto la mwili peke yake halitoshi, maana malaria nayo ina joto, na hapa kwetu malaria haikosekani. Tazameni pumzi.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji shahada. Mama na ampakate mtoto mapajani, awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Pandisheni nguo ili tumbo na kifua vionekane. Chukueni saa, au simu inayoonyesha sekunde, mhesabu kila kifua kinapopanda, dakika moja kamili. Msihesabu nusu dakika mkazidisha kwa mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua mbio kidogo kisha akapunguza, na nusu dakika yaweza kuwadanganya. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au kupita, ni mgonjwa. Mwenye miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, hesabu yake ni 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, ni 40. Hesabu za namna hii zilitokana na kazi ya daktari Frank Shann na wenzake huko Papua New Guinea katika miaka ya 1980, nchi ya milima isiyokuwa na mashine za picha za kifua vijijini, kama vile vijiji vyetu vingi visivyokuwa nazo mpaka leo. Shirika la Afya la Dunia likazichukua likazieneza kote.

Kuna jambo la pili la kutazama. Mtoto akivuta pumzi, nyama iliyo chini ya mbavu huingia ndani, badala ya kifua kutoka nje. Hiyo ni alama ya hatari iliyo kubwa kuliko hesabu. Na akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akalegea hata haamki vizuri, hapo msihesabu kitu tena. Mpandisheni pikipiki.

Sasa, dawa. Watu wengi hudhani homa ya mapafu ni ugonjwa wa tajiri kutibiwa, na maskini kuombewa. Sivyo. Mtoto anayepumua mbio, hata yule ambaye mbavu zake zinaingia lakini anakunywa na hana zile alama nyingine, hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka katika kijiko cha maji, asubuhi na jioni. Zamani tulifundishwa kumlaza wa namna hiyo na kumchoma sindano za penisilini. Madaktari wa Kenya wenyewe walijaribu jambo hili katika hospitali zetu wakalichapisha mwaka 2015, wakaona kidonge hakikushindwa na sindano. Dawa hizo ni za bei ndogo. Twasema wazi: mtoto akifa kwa homa ya mapafu, si mara nyingi amekufa kwa kukosa dawa ya bei kubwa. Zaidi hufa kwa kuchelewa, na kwa kukosa oksijeni. Tutayasema yote mawili.

Kuhusu kuchelewa, sikilizeni habari hii, na wengine mwaijua. Mama mmoja mfanya kazi wa kibarua, hatutamtaja, wala hatutamtaja aliyemwajiri, aliona asubuhi mtoto wake wa miezi minane akipumua kwa shida. Akaomba ruhusa. Akaambiwa akiondoka asirudi, na siku zake tatu alizofanya hazitalipwa. Akafanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa hanyonyi tena. Kutafuta pikipiki, kutafuta nauli, kungoja mvua ipungue. Wakatufikia usiku wa manane. Dawa tulikuwa nayo. Mtoto hakuweza kumeza, na sindano ilikuwa imekuja nyuma ya ugonjwa kwa saa kumi na nane. Hakuona asubuhi.

Mtu atauliza, kwa nini mama hakuondoka tu? Yule aulizaye hivyo hajapata kuishi kwa ujira wa siku. Siku tatu za mama yule zilikuwa unga wa watoto wengine wawili.

Tuitazame sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka. Lakini huo ni ugonjwa wa mfanya kazi mwenyewe. Juu ya mtoto wake aliye mgonjwa, sheria hiyo haikumwekea siku zake. Kwa hiyo jambo hili limeachwa katika mikono ya mapatano kati ya vyama na waajiri, maana yake limeachwa mikononi mwetu sisi tuliomo humu ndani. Tutalirudia.

Sasa oksijeni. Dawa huua vijidudu, lakini yataka siku mbili tatu kushinda. Katika siku hizo mtoto mwenye mapafu yaliyojaa aweza kufa huku dawa imo mwilini. Oksijeni haiui kijidudu hata kimoja. Kazi yake ni kumweka mtoto hai mpaka dawa ishike. Hewa tunayovuta ina sehemu 21 za oksijeni katika 100, na mapafu mazima hutosheka nazo. Mapafu yaliyojaa usaha hayatosheki.

Shida ya kwanza ni kujua ni mtoto gani aihitaji. Tulifundishwa kutazama midomo na ndimi kama zimekuwa buluu. Tumefanya kazi hii miaka mingi, na twawaambia jicho halifai. Mpaka midomo igeuke, mtoto ameshafika mbali, na kwa taa hafifu ya usiku hata hilo hulioni. Kipo chombo kidogo kama kibanio cha nguo, kiitwacho oksimita, kinachobanwa kidoleni kikapitisha mwanga katika nyama na kuonyesha oksijeni iliyo katika damu ni kiasi gani. Njia hiyo iligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Kikionyesha chini ya 90, mtoto apewe oksijeni. Basi, ni hilo tu. Twaongeza neno moja kwa wale watakaotaka kununua: kibanio cha mtu mzima kikiwekwa kwenye kidole cha mtoto mchanga chaweza kusema uongo. Ombeni chenye kishikio cha mtoto.

Shida ya pili ni kuipata oksijeni yenyewe. Mitungi ni mizito, husafirishwa mbali, na hupungukiwa siku ile ile watoto wamejaa. Iko mashine nyingine inayochuja oksijeni katika hewa hii hii ya chumbani, na moja yaweza kuwagawia watoto kadhaa kwa mirija. Lakini yataka umeme usiokatika, na yataka fundi wa kusafisha vichujio vyake. Ndugu zetu mafundi wa umeme, hapo twawatazama ninyi. Mashine nyingi za namna hii katika Afrika zimekufa kwa vumbi na kwa kukosa kifaa cha bei ndogo. Tumeona mashine ya misaada ikiwa imefunikwa kitambaa safi kabisa kama meza ya harusi, na haifanyi kazi.

Je, kuna faida iliyoonekana? Iko. Huko huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipewa mashine za kuchuja oksijeni na vile vibanio, na katika taarifa ya mwaka 2008 vifo vya watoto wenye homa ya mapafu vilikuwa vimepungua kwa asilimia 35. Tusiende mbali. Jirani zetu Uganda, katika vituo 20, waliweka mashine zinazoendeshwa kwa jua, zenye betri za usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: vifo vya watoto waliokosa oksijeni, katika saa 48 za kwanza, vilipungua karibu nusu. Hapa Kenya, upande wa juu wa ziwa, Siaya, shirika liitwalo Hewa Tele lilianzisha mwaka 2014 kiwanda cha kutengeneza oksijeni kwa ajili ya hospitali. Basi mtu asituambie ya kuwa mambo haya ni ya Ulaya. Jua la Kegonga halikosi nguvu kuliko la Uganda.

Tuje kwenye moshi. Hapa tutasema polepole, maana moshi una maneno mengi na mengine si kweli.

Kuria ni nchi ya tumbaku. Majani yakivunwa hukaushwa kwa moto wa kuni, siku kadhaa, usiku na mchana, na moto ule hautaki kuachwa peke yake. Nani aulindaye? Twajua sote: baba, na akilala baba, mama mwenye mtoto mgongoni, na kijana wa darasa la tano. Kisha nyumbani jiko la mafiga matatu lawangoja. Mtoto wa mkulima wa tumbaku hupata moshi mara mbili, na asubuhi baba akiwasha sigara, mara tatu.

Wataalamu Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba za Laikipia, na mwaka 2001 wakachapisha waliyoyaona: moshi ukizidi, magonjwa ya kifua huzidi. Lakini waliona na jambo jingine. Ugonjwa hupanda upesi moshi unapoanza kuongezeka, na ukishakuwa mwingi sana, kuongezeka kwake hakuongezi ugonjwa kwa kiasi kile kile. Maana yake ni nini kwa mama wa Kegonga? Ni kwamba kupunguza moshi kidogo katika nyumba iliyojaa moshi hakumsaidii mtoto sana. Lazima upungue hasa.

Tena Malawi walifanya jaribio kubwa la watoto zaidi ya 10,000. Nyumba nyingine zilipewa majiko mapya ya kuni yenye moshi mdogo, na nyingine zikabaki na moto wa kawaida. Mwaka 2017 matokeo yakatoka: homa ya mapafu haikupungua. Rwanda nao, pamoja na nchi nyingine tatu, walijaribu majiko ya gesi, na hata huko homa kali ya mapafu kwa watoto wachanga haikupungua kama ilivyotarajiwa. Twawaambia haya waziwazi kwa sababu wauza majiko hupita hapa na kuahidi mbingu. Jiko zuri lafaa: hupunguza kuni, huokoa macho ya mama, huokoa miguu ya watoto na moto. Nunueni kwa sababu hizo. Lakini msinunue jiko mkadhani mmenunua chanjo.

La kufanya juu ya moshi, kwa maoni yetu, ni hili. Mtoto mchanga asikae jikoni wala katika banda la tumbaku, hata kama ni baridi. Abaki na bibi au dada upande mwingine wa nyumba. Anayelinda moto wa tumbaku asilale humo na watoto. Sigara ivutwe nje kabisa. Na kwa wakulima: mwaka 2022, hapa hapa katika kaunti ya Migori, Shirika la Afya la Dunia pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kilimo na chakula, na serikali yetu, walianza mpango wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Sisi hatuwaambii ng'oeni tumbaku kesho, kwani ada za shule hulipwa nayo. Twasema tu, ulizeni bei na soko la maharagwe hayo, mpige hesabu ya kuni, ya dawa, na ya usiku mnaokesha, kisha mwone.

Kuna mengine tutayapitia upesi.

Chanjo. Kuanzia mwaka 2001 watoto wa Kenya wamechanjwa dhidi ya kijidudu kiitwacho Hib, na kuanzia 2011 dhidi ya nimokokasi, ambavyo vyote viwili huleta homa kali ya mapafu. Huko Kilifi, ambako wataalamu wamehesabu wagonjwa kwa miaka mingi, ugonjwa mkali wa Hib ulipungua katika miaka michache ukabaki kama sehemu moja kwa nane ya ulivyokuwa, na ule wa nimokokasi, kwa aina zilizomo katika chanjo, ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hutolewa bure, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua ni miezi 9 na miezi 18, na surua nayo hupenda kumalizikia mapafuni. Kenya imo katika safari ya kuacha msaada wa Gavi na kulipia chanjo yenyewe. Basi vyama vya wafanya kazi vitazame bajeti hiyo kwa macho mawili.

Lakini chanjo haimalizi yote. Uchunguzi wa nchi saba, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha ya kuwa wengi katika watoto waliolazwa kwa homa kali ya mapafu walikuwa na virusi, na kirusi kimoja kiitwacho RSV kilikuwa na karibu theluthi ya wote. Kwa hao oksijeni ndiyo tegemeo, kwa kuwa vidonge havikiui kirusi.

Kaunti za kandokando ya ziwa, Homa Bay na Migori zikiwamo, zimeumizwa na ukimwi kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi apewe septrini tangu wiki ya sita, na apimwe mapema, maana iko homa ya mapafu ya namna yake inayowavamia watoto hao katika miezi ya kwanza. Tafadhali msione haya. Sisi tumeapa kutunza siri.

Mtoto anayekohoa wiki mbili na kupita, asiyeongezeka uzito, na nyumbani yuko mtu mzima mwenye kifua kikuu, apelekwe kupimwa kifua kikuu. Zamani tulikuwa tukivunja vidonge vya watu wazima vipande vipande, vichungu, mtoto atema. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kutumia kote dawa za watoto zinazoyeyuka, zenye ladha ya matunda.

Na yule anayepiga miluzi kifuani kila mara, akapewa amoksilini mara tano kwa mwaka, huenda ana pumu. Dawa ya kupuliza ndiyo imfaayo. Mtoto mdogo hawezi kuivuta moja kwa moja, basi tunamwekea chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini ili kipulizio kiingie. Majaribio ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 yalionyesha chupa hiyo yafanya kazi sawa na chombo cha dukani.

Tena, akina bibi, mtusamehe: kukata kimeo hakuponyi kikohozi. Wembe huleta damu na pepopunda, na siku iliyopotea kwa mkata kimeo ndiyo siku ya dawa.

Turudi kwenye chama. Tumeileta mbele yenu mambo matatu, na tungependa yaandikwe katika kitabu cha mkutano.

La kwanza ni mapatano na waajiri. Twataka kifungu kiseme ya kuwa mzazi, mama au baba, ambaye mtoto wake wa chini ya miaka mitano anapumua mbio au ana alama ya hatari, aondoke saa ile ile bila kupoteza ujira wa siku hiyo, wala wa siku alizokwisha kufanya, na kwamba cheti cha kituo cha afya kiwe ushahidi wa kutosha. Vibarua wawemo. Mwajiri atasema watu watadanganya. Sisi ndio tunaoandika vyeti, nasi tutajibu kwa vyeti vyetu. Tumepiga hesabu pia: watoto wadogo hawaugui kifua kila wiki, na siku moja ya kibarua ni gharama ndogo kwa shamba au kampuni.

La pili ni oksimita zenye kishikio cha mtoto katika kila zahanati, na oksijeni yenye umeme wa jua katika vituo vinavyolaza. Tangu mwaka 2013 afya ni kazi ya kaunti, kwa hiyo mlango wa kupiga hodi ni wa Migori. Makadirio ya fedha ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikilizwe. Kila mara mikutano hiyo ikiitwa, sisi huenda kulima. Safari hii twende watu thelathini, na barua mkononi. Tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya mshahara wetu hukatwa kwa ajili ya SHA, kwa hiyo hatuendi kuomba sadaka. Twaenda kuuliza fedha zetu zimenunua nini.

La tatu ni ninyi vijana wa pikipiki. Twaomba mkae na kamati, mpatane bei moja ya usiku kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, iandikwe, isipande kwa mvua. Fedha zilipwe na mfuko wa tawi asubuhi yake, mama asiulizwe nauli gizani. Mweka Hazina ametazama vitabu, asema mfuko waweza kubeba safari nne kwa mwezi kwa kuanzia. Kama zitapita nne, tutaitana tena.

Barua ya kaunti iko kwa Katibu, mezani pale, pamoja na kalamu. Wale wasioandika waweke kidole. Na Jumamosi, baada ya saa nane, wawili wetu watakuwa hapa hapa na watoto watatu wa wanachama, wazima, ili kila atakaye ajifunze kuhesabu pumzi. Njooni na simu zenye chaji.

Tuko tayari kwa maswali.